Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Ndugu wanachama,

Kwa heshima naleta mbele yenu taarifa ya kazi zetu za kujitolea katika makao ya watoto tunayoyasaidia hapa Tanga. Hesabu za fedha ataziwasilisha Mhazini, nami sitazigusa ila panapohusu bando la intaneti, ambalo mwaka huu limezua mjadala mrefu kuliko mchele na sabuni.

Tulipoanza mwaka tulimpokea kila aliyetaka kujitolea. Nakiri kwamba uamuzi huo ulikuwa wangu na haukuwa wa busara. Wengi walifika Jumamosi moja, wakagawa madaftari, wakacheza na watoto hadi magharibi, na hatukuwaona tena. Mlezi mkuu, ambaye si mwepesi wa kulalamika, aliniita pembeni akaniambia nitazame jinsi watoto wanavyompokea mgeni: wanamwimbia na kumpigia makofi, lakini hakuna anayemuuliza jina. Nilitazama, nikaona ni kweli. Ndipo Kamati ilipoamua kwamba anayetaka kukaa na watoto aahidi kufika kila wiki ya pili kwa muda usiopungua miezi sita, na asiyeweza akabidhi mchango wake stoo, tena apokewe kwa shukrani ile ile. Waliojiandikisha wamepungua, nami sisikitiki, kwani watoto sasa wanawaita wanaokuja kwa majina yao.

Kuhusu kujitolea kwa njia ya mtandao, nilikuwa miongoni mwa waliopinga, nikidhani mtu aliye Muscat au London hawezi kumfaa mtoto kupitia kioo cha kompyuta. Nimebadili mawazo. Wenzetu hao wamesoma hadithi na kuwasaidia wa kidato cha pili hesabu kabla ya mtihani wa upimaji wa kitaifa, na mahudhurio yao yamewashinda baadhi yetu tunaoishi mwendo wa bodaboda kutoka getini. Kipindi huanza saa kumi jioni, ambayo Muscat ni saa kumi na moja. Kwa London ni saa nane mchana wakati wa kiangazi na saa saba wakati wa baridi, na hapo ndipo tulipojikwaa. Uingereza iliporudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, hakuna aliyekumbuka kurekebisha ratiba, na msomaji wetu akaingia akiwa amechelewa saa nzima bila kujua. Aliwakuta watoto wamekaa kwenye mkeka mbele ya kompyuta, na msichana mmoja akiwasimulia wenzake hadithi ya wiki iliyopita tangu mwanzo, akiiga hata kikohozi cha msomaji. Alimwachia amalize. Tangu siku hiyo robo saa ya mwisho ya kila kipindi ni ya watoto kusimulia, na ratiba inaandikwa kwa saa za Tanga peke yake.

Baadhi yenu mmelalamika kwamba masharti yetu yanawatia watu wema mashakani. Masharti hayo yanabaki. Vipindi vya mtandaoni hufanyika ukumbini, mlezi akiwepo, na hakuna anayeruhusiwa kurekodi wala kumpa mtoto namba yake ya simu. Picha za watoto hazipigwi kwa ajili ya kurushwa kwenye makundi yetu, hata ziwe nzuri namna gani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Mwanachama akiona au kusikia dalili ya mtoto kudhurika asianze kufanya uchunguzi wake mwenyewe, bali amwarifu afisa ustawi wa jamii au apige 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo haina malipo.

Sasa nirudi kwenye bando. Hadi leo vipindi vimeendeshwa kwa simu ya mlezi mmoja, ambaye mara kadhaa amenunua bando kwa fedha zake na kutujulisha baada ya kubanwa sana. Jambo hili ni aibu yetu. Kamati inaomba mkutano huu uidhinishe fungu la kila mwezi kwa ajili hiyo, pamoja na kumrudishia alichotumia. Fomu za wanaotaka kuanza Januari ziko kwa Katibu, pamoja na orodha ya siku ambazo bado hazina msomaji.

Mwenyekiti