Waandikiwe leseni wauzaji wa filamu za flashi

Mhariri,

Kila mtaa wa Dar es Salaam una duka la kuingiza nyimbo na filamu kwenye flashi na memori kadi. Filamu ya Kibongo unajaziwa kwa bei ya soda, na aliyeitengeneza hapati hata senti. Jambo hili linaniuma.

Sheria tunayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mwaka 2013 zikaja stempu za kodi za Mamlaka ya Mapato (TRA) kwenye kasha za CD na DVD. Lakini faili halina kasha. Stempu utaibandika wapi?

Kuwakamata vijana na kompyuta zao hakujasaidia, maana kesho linafunguliwa duka jingine, na wateja ni sisi wenyewe. Naiomba COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, ambayo huko nyuma ilitoza kumbi na baa zinazopiga muziki, iwape leseni ya bei nafuu wenye maduka haya, na fedha hizo ziwafikie wasanii, wakiwemo chipukizi.

Msomaji,
Temeke