Maji "yalikuwa" mazuri ao ni mazuri?

Ndugu mhariri,

Nafundisha Kiingereza hapa Goma, nakaa Keshero, na leo naandika juu ya neno moja tu, "yalikuwa". Shirika moja lilibandika karatasi karibu na robine yetu, imetafsiriwa toka Kiingereza, inasema "wataalamu walisema kwamba maji yalikuwa mazuri kwa kunywa". Mama jirani akasoma, akaniuliza, mwalimu, kama yalikuwa mazuri, yameharibika lini? Akabeba bidoni yake akashuka ziwani, na sisi wa huku tunajua kolera inatokaga wapi.

Maji ya robine hayakuwa na shida yoyote. Shida ni kwamba Kiingereza, kikiripoti maneno ya mutu, kinarudisha kitenzi nyuma. Mutaalamu anasema "the water is safe", kesho yake gazeti linaandika "he said the water was safe". "Is" imekuwa "was", "will" inakuwa "would", hata kesho inakuwa siku iliyofuata na hapa inakuwa pale. Hiyo "was" haisemi kwamba jambo limekwisha, inafuata tu "said" ya mbele, na kama jambo bado ni kweli wanaruhusiwa kabisa kuacha "is" ikae.

Kifaransa nacho kinafanya vilevile, "il a dit que l'eau était bonne", na nafikiri ndiyo maana wafasiri wetu wanaanguka, wamesoma kwa Kifaransa, wanafanya kazi kwa Kiingereza, wanaona lugha mbili zinakubaliana basi wanafikiri na ya tatu iko hivyo. Hapana jamani! Kwetu wakati unahesabiwa toka pale mutu aliposema. "Alisema anakuja", alikuwa njiani. "Alisema atakuja", hata kama ni mwaka jana alisema, inabaki atakuja. Lakini ukisema "alisema alikuwa anakuja", kila mutu anangoja kusikia nini ilimuzuia.

Tena sisi tuko na "ati". Mama wa sokoni akisema "aliniambia ati atalipa Posho", ni kusema Jumamosi, umesikia maneno ya mwenye deni na umesikia pia kwamba mama hayaamini sana, neno moja limefanya kazi mbili, Kiingereza kitatafuta kitenzi kingine kabisa. Ila "kama" tuichunge kwenye matangazo. Huku "walisema kama maji ni mazuri" tunaelewa ni "kwamba", mugeni wa kutoka Tanzania anaweza kufikiri hawana hakika.

Kwenye hadithi ndiyo inazidi, Waingereza wanaandika mawazo ya mutu bila kusema "aliwaza", unakuta "tomorrow was Monday". Wanafunzi wangu waligoma kabisa, kesho inakuwaje ilikuwa? Nikawaambia kesho ni ya yule anayewaza, "was" ni ya musimulizi. Kwa Kiswahili andika tu "Kesho ni Jumatatu", msomaji atajua nani anawaza.

Naomba wenye kutafsiri matangazo, na nyinyi wa gazeti pia, kabla ya kutoa kitu mumusomee mutu asiyejua Kiingereza hata kidogo, mumuulize ameelewa nini. Na ile karatasi ya robine, ambayo bado iko ukutani, ibadilishwe iandikwe hivi: "Wataalamu wamesema maji haya ni mazuri kwa kunywa."

Mwalimu wa Kiingereza,
Keshero, Goma