Kipimo cha Savarkar

Mwanangu mpendwa,

Swali lako kutoka Pune si la kujibiwa kwa simu. Wenzako chuoni wanasema Savarkar, yule mwanasiasa wa Kihindu aliyepinga utawala wa Waingereza India, ni shujaa anayesingiziwa; rafiki yako Mwislamu amekuonyesha maandishi ya Savarkar mwenyewe, nawe umekosa usingizi. Unataka kujua sisi nyumbani tunasemaje.

Mwaka 1911 Waingereza walimtupa kwenye Gereza la Cellular, kisiwani Andaman, na kifungo cha miaka 50. Wafungwa pale walisukuma vinu vya mafuta badala ya ng'ombe. Kuna wanaomcheka kwa barua alizoandika kuomba msamaha. Mimi simcheki, sijawahi kufungwa hata siku moja. Na baadaye, alipowekwa kizuizini katika mji wa Ratnagiri, alipigania Wadalit, watu wa tabaka la chini kabisa, waingie hekaluni. Hekalu la Patit Pavan, lililofunguliwa mwaka 1931 kwa tabaka zote, lipo mpaka leo. Hayo ni yake, asinyang'anywe.

Kinachoniuma ni kitabu chake cha mwaka 1923 kuhusu Hindutva, yaani siasa ya kuiona India kuwa taifa la Wahindu, kwa sababu kinatugusa sisi Wahindu wa Mombasa kuliko wenzako wanavyodhani. Anasema mwenye taifa ni yule ambaye India ni nchi ya baba zake na pia ni nchi yake takatifu. Mwislamu au Mkristo wa India, hata mababu zake wawe wamezaliwa hapo vizazi na vizazi, amepungukiwa, maana nchi yake takatifu iko Arabuni au Palestina.

Sasa tujipime sisi kwa kipimo hicho. Babu yako alizaliwa hapa Mombasa, nami nikazaliwa hapa, na wewe pia. Lakini tukisali tunataja mto Ganga na mji wa Kashi kule India, na majivu ya bibi yako tuliyapeleka Haridwar, kwenye mto huo huo. Kwa hesabu ya Savarkar, sisi si Wakenya, wala hatutakuwa. Mwaka 2017 serikali ilipotutambua sisi Wakenya wenye asili ya India kuwa kabila la 44 la nchi hii, babu yako alilia. Nani angemwambia machozi yale ni ya bure kwa kuwa mto wake mtakatifu uko mbali? Idi Amin aliwaambia Waasia wa Uganda maneno ya namna hiyo mwaka 1972, akawapa siku 90. Jamaa zetu walivuka mpaka na masanduku ya nguo tu. Sisi, kuliko wengine wote, hatuna ruhusa ya kuipenda hoja ile kwa kuwa safari hii inamwangukia mwingine.

Golwalkar, aliyeiongoza RSS, jumuiya kubwa ya wafuasi wa Hindutva, kuanzia 1940 hadi 1973, alikwenda mbali zaidi. Kitabu kilichotoka kwa jina lake mwaka 1939 kinasema India ina la kujifunza kwa Ujerumani ilivyowatenda Wayahudi, na kwamba wasio Wahindu wanaweza kukaa bila kudai chochote, hata haki za raia. Utaambiwa kila mtu alifikiri hivyo zama zile. Si kweli. Novemba 1938, baada ya masinagogi ya Ujerumani kuchomwa, Gandhi aliandika kwamba yuko pamoja na Wayahudi kwa moyo wake wote (ushauri wake kwamba wasijibu kwa nguvu umelaumiwa sana, na nadhani ni haki). Ambedkar, mwanasheria na kiongozi wa Wadalit, aliandika miaka hiyo hiyo kwamba utawala wa Kihindu ukija utakuwa balaa kubwa kuliko yote kwa nchi. Walikuwepo watu walioona. Golwalkar alichagua.

Kuna jambo moja zaidi, nalisema kwa sababu nina binti. Uzeeni Savarkar alimlaumu Shivaji, mfalme Mhindu wa karne ya 17, kwa kumrudisha kwao kwa heshima mwanamke Mwislamu aliyetekwa katika mji wa Kalyan. Tangu utotoni tumefundishwa kujivunia kitendo kile cha Shivaji. Siwezi kumwita mwalimu wangu mtu aliyekiona kuwa udhaifu.

Kuhusu tarehe 28 Mei, siku ya kuzaliwa kwake: wenzako wakitaka mwende mkamwekee maua, waambie hapana, kwa adabu, na uwaeleze sababu kama nilivyokueleza. Wakikuuliza wewe Mhindu gani, waambie Mhindu wa Kenya, halafu uwaulize kama kwa kipimo chao mtu kama huyo anaruhusiwa kuwepo. Subiri jibu, usiwasaidie kulitoa.

Mama yako anakusalimu. Msalimie na rafiki yako.

Ni mimi baba yako.