Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi naongezea tu kwamba skana tuliyoichangia ili kuhamishia negativu (filamu) za picha zetu za zamani kwenye kompyuta, Epson V850, imelipwa yote, nayo mwaka mzima imezunguka nyumba kwa nyumba kama cherehani ya ukoo.

Kilichotuchelewesha ni tamaa. Skana inajinadi kwa nukta 6,400 kwa inchi, na wengi tulikimbilia huko. Negativu moja ya inchi 4 kwa 5 ikatoa faili la gigabaiti 1.6, kompyuta zikagoma, na tulipoikuza picha tukakuta picha ile ile isiyo kali, imekuwa kubwa tu. Tumeshuka hadi 2,400, kijivu cha biti 16 (picha isiyo na rangi, yenye ngazi nyingi kati ya weusi na weupe): pikseli milioni 115, megabaiti kama 230. Anayeng'ang'ania 6,400 anunue diski kwa pesa yake.

Kosa baya zaidi lilikuwa langu. Kwa uvivu wa kupuliza vumbi, niliidanganya programu kwamba filamu ni ya rangi ili kisafishaji vumbi kikubali kuwaka. Kisafishaji hicho hutumia mwanga wa infraredi. Rangi za filamu huupitisha, lakini fedha iliyo kwenye filamu nyeusi na nyeupe huuzuia, kwa hiyo mashine ikaiona picha yenyewe kuwa ni uchafu. Kamba za jahazi kwenye negativu za mwenzetu mmoja zikayeyuka, na boksi zima nililirudia. Mzee wangu, samahani tena. Sasa tunapuliza kwa pampu ya mkono, tunapitisha burashi laini, na madoa yanayobaki tunayafuta moja moja kwenye kompyuta. Anga jeupe ndilo linalochosha.

Unyevu wa masika ulituletea pete za Newton, yaani miviringo inayojitokeza kwenye picha filamu inapogusana na kioo, hasa kwa waliolaza filamu moja kwa moja kwenye kioo. Upande wa dawa, ule usiong'aa, ndio uelekee chini, kisha picha igeuzwe kwenye programu. Aliyesahau kugeuza alituletea duka lenye kibao kinachosomeka kinyumenyume, na utani haujaisha.

Mwaka ujao zitangulie negativu za urithi zinazonuka siki. Filamu ya asetati, aina ya plastiki ya filamu za zamani, ikifikia hapo haiponi, na joto letu linaiharakisha. Zisikae boksi moja na zilizo nzima. Kila faili liwe kwenye diski mbili, nyumba mbili tofauti.

Fremu ya pili ya kushikia filamu haijaonekana tangu Ramadhani. Aliyenayo airudishe, hataulizwa neno.

Mwenyekiti