Indiketa za pikipiki zifungwe baza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wamiliki wa pikipiki, hasa wale wanaowapa vijana kwa mkataba, wafunge baza, yaani kidude kinacholia kila indiketa inapowaka. Kila ikifika Wiki ya Nenda kwa Usalama tunakumbushwa kuwasha indiketa kabla ya kukata kona, na Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, nayo inamtaka dereva atoe ishara. Sina ubishi na hilo. Ila mimi ni fundi umeme wa pikipiki hapa Nyakato, Mwanza, kando ya barabara, na ninachokiona kila siku ni indiketa iliyowashwa vizuri kisha ikasahaulika. Kijana amekata kona Mabatini, anapita Buzuruga taa bado inawaka.

Kwangu mimi hiyo ni hatari kuliko pikipiki isiyo na indiketa kabisa. Isiyo na taa, mwenye gari hujihadhari nayo kwa sababu hajui inaelekea wapi. Hii nyingine inamdanganya. Gari limesimama kwenye barabara ndogo ya upande wa kushoto, linasubiri kuingia Barabara ya Nyerere. Dereva anaona bodaboda inakuja, indiketa ya kushoto inawaka, anaamini kwamba huyo anaingia kwenye barabara yake. Anaachia breki. Kumbe bodaboda ananyoosha moja kwa moja, na nyuma kapakia mama na ndoo ya sato kutoka Mwaloni.

Pikipiki iliyogongwa hivyo hivyo ililetwa kwangu. Shoki za mbele zimepinda, indiketa ya mbele kushoto imeng'oka imebaki waya tu. Nilishika swichi kwa kidole gumba nikaikuta katikati, kama vile imezimwa. Nilipounga betri, taa ya nyuma kushoto ikaanza kuwaka na kuzima. Swichi nyingi za siku hizi ndivyo zilivyo: ukisukuma kushoto, kitufe kinarudi katikati chenyewe lakini umeme unabaki umeshika mpaka uibonyeze. Yule kijana hata angepapasa swichi barabarani, kidole kisingemwambia kitu. Alivunjika mguu. Watu wanasema bodaboda hawana akili, maneno ambayo yananiuma, maana wengi ni vijana waangalifu wanaoendesha chombo kisichowaambia kinachoendelea.

Kwenye gari, usukani ukirudi, mkono wa indiketa nao hurudishwa. Pikipiki haiwezi kwa njia hiyo, kwa sababu kona ya pikipiki unailalia, usukani unageuka kidogo sana. Yamaha walishatengeneza pikipiki zenye indiketa inayojizima tangu miaka ya 1970, lakini ninazozifungua mimi hapa karibu zote hazina. Kilichobaki ni kale kataa ka kijani kwenye dashibodi. Njoo saa kumi jioni ukitokea Igoma kuelekea mjini, jua linakupiga usoni, uone kama utakaona.

Dawa yake ni baza ya volti 12, ile ndogo nyeusi yenye tundu katikati. Dada mmoja mwenye skuta, anayepeleka chakula maofisini, aliniambia, "Fundi, macho yangu yako kwenye mashimo na daladala. Nataka kitu kiniambie masikioni." Nikamfungia ndani ya kava la mbele, chini ya spidomita, tundu likimtazama yeye, mahali ambapo mvua haifiki. Chini ya siti usifunge, mwenye kofia ngumu hatasikia.

Kazi yenyewe ni fupi. Katika pikipiki nyingi za Kichina waya wa rangi ya chungwa ni wa indiketa za kushoto, bluu mpauko ni wa kulia. Kila waya unatoa tawi, kila tawi linapita kwenye daiodi yake, kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, yale matawi mawili yanakutana kwenye chanya ya baza. Ule mstari mweupe wa daiodi uelekee kwenye baza. Wapo mafundi wanaoruka daiodi ili wamalize haraka. Mteja akiwasha kushoto, kulia nako kunawaka, na hapo umempa ugonjwa mpya. Vifaa vyote pamoja na ufundi, kwa bei zangu, havifiki bei ya oili ya lita moja.

Najua malalamiko ya vijana, nayasikia kila siku: baza ina kelele, ukisimama kusubiri kukata kulia inakulilia mpaka abiria anauliza kuna nini. Ndiyo maana wengine huja nikate waya. Dawa ya kelele hiyo ipo: hasi ya baza usiipeleke kwenye bodi, yaani chuma cha pikipiki, iunge kwenye ule waya unaokwenda taa ya breki. Ukiwa hujashika breki, umeme wa baza unapita kwenye balbu ya breki na kuishia kwenye bodi, ni mdogo mno kuiwasha balbu, lakini baza inalia. Ukishika breki, pande zote mbili za baza zinakuwa na volti 12, inanyamaza. Ukiachia na kuondoka, inaanza tena. Tena kuna faida ambayo watu hawaitegemei: balbu ya breki ikiungua, baza inakuwa kimya hata ukiwasha indiketa, ukajua taa ya breki imekufa kabla hujagongwa kwa nyuma. Njia hii inataka balbu ya kawaida yenye kiwaya ndani. Mwenye taa ya LED aniulize kwanza.

Kwa hiyo ombi langu kwa matajiri wenye pikipiki. Unamkabidhi kijana chombo, unapanga naye hesabu ya kila siku, unanunua bima, unampa kofia ngumu mbili. Mpeleke kwa fundi umeme siku hiyo hiyo kabla hajaingia kijiweni. Viongozi wa vijiwe nao waulizie baza kama wanavyoulizia leseni. Na wanaoziunganisha na kuziuza pikipiki hapa nchini wangeiweka tangu dukani, ingekuwa nafuu zaidi kwa kila mtu.

Mafundi wenzangu wa Igoma, Kirumba, Mkuyuni na Nyegezi, kijana akija akitaka umkatie waya wa baza, msimkatie. Mhamishieni ile hasi kwenye breki, mwambieni azunguke nayo siku nzima kwanza ndipo arudi kulalamika.

Fundi umeme wa pikipiki,
Nyakato, Mwanza