Barua ya wazi kwa waigizaji mnaotaka kuongoza

Wanangu,

Wengi wenu mmekuwa mkija kwangu na neno moja: mmechoka kuigiza tu, sasa mnataka kuongoza. Nimelifurahia. Ila maswali mnayoniletea yananipa wasiwasi. Mnauliza filamu gani muanze nayo, kamera gani, mtashinda vipi tuzo. Bado hajatokea wa kuniuliza mwongozaji anaishije mwaka wa kumi na tano wa kazi, pale makofi yalipokwisha na watoto bado wako shule. Ndiyo maana nawaandikia habari za Ivan Dixon, Mmarekani mweusi. Huenda wengi wenu hamjamsikia. Yeye alilijibu swali hilo kwa maisha yake.

Alizaliwa Harlem, New York, mwaka 1931, akasomea maigizo katika chuo cha watu weusi mjini Durham, North Carolina, akamaliza mwaka 1954. Katika filamu ya The Defiant Ones ya mwaka 1958 alikuwa mbadala wa Sidney Poitier, yaani mwili wake ulitumika pale ambapo stelingi hakutakiwa kuumia. Mwaka uliofuata akapanda jukwaa la Broadway, kitovu cha maigizo mjini New York, katika tamthilia ya A Raisin in the Sun ya Lorraine Hansberry, akiwa Asagai, mwanafunzi kutoka Nigeria, na mwaka 1961 akaicheza nafasi hiyo tena kwenye filamu. Kumbukeni Mwafrika alivyozoeleka katika sinema za Marekani enzi zile: mbeba mizigo porini, nyuma ya mzungu mwenye bunduki. Asagai ni msomi, mtanashati, anazungumzia uhuru wa nchi yake kabla haujafika. Dixon alimpa heshima yote.

Kisha ikaja Nothing But a Man, mwaka 1964. Itafuteni mwitazame mara mbili. Anacheza Duff, kibarua wa reli huko Alabama anayemuoa mwalimu, binti wa mchungaji. Hataki kuinamisha kichwa mbele ya wazungu, na kwa sababu hiyo anapoteza kazi baada ya kazi, hadi hasira anaileta nyumbani kwa mkewe. Mara ya kwanza itazameni kama watazamaji. Mara ya pili mwangalieni Dixon peke yake, hasa pale ambapo hasemi. Anasikiliza kwa uso mzima. Abbey Lincoln, aliyecheza mkewe, alikuwa mwimbaji wa jazi ambaye hakuwa na uzoefu mkubwa wa sinema, na nikitazama wanavyopokezana naona wazi kwamba Dixon anampa mwenzake nafasi badala ya kumnyang'anya fremu. Mwigizaji wa aina hiyo tayari ana nusu ya uongozaji mkononi. Anayepigania fremu bado yuko mbali nao, hata awe maarufu kiasi gani.

Baada ya hapo mngetegemea Hollywood ingemfungulia milango. Haikumfungulia. Mwaka 1965 alipata kazi katika vichekesho vya televisheni vya Hogan's Heroes, kuhusu wafungwa wa vita katika kambi ya Wajerumani. Alikuwa sajenti wa mitambo ya redio, mtu wa kundi, hadithi mara nyingi ikipita kando yake. Alikaa misimu mitano. Msimu wa sita ulikuwepo na mshahara ulikuwepo, yeye akaondoka. Mwaka huohuo wa 1970 alianza kuongoza vipindi vya televisheni.

Hapo nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wenu mnapokosea hesabu. Mnaiona miaka ile mitano kama kifungo. Mimi naiona ni shule yenye mshahara. Mwigizaji mwenye mistari michache kwenye seti ana muda wa kutazama: kwa nini taa imehamishwa, kwa nini onyesho limepigwa kuanzia mwisho, nani anamnong'oneza nani muda unapoanza kuisha, mwongozaji gani anaheshimiwa na mafundi na yupi wanamvumilia tu. Ninyi mkimaliza mistari yenu mnaingia kwenye gari na simu. Mnaikimbia shule halafu mnatafuta ada ya kujiunga nayo.

Mwaka 1973 akaongoza filamu aliyoitaka kwa moyo wote, The Spook Who Sat by the Door, kutoka riwaya ya Sam Greenlee. Mtu mweusi anaajiriwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kwa ajili ya kuonekana tu, anajifunza kila kitu, kisha anaacha kazi na kurudi Chicago kuwafundisha vijana wa mitaani mapambano ya silaha. Sehemu kubwa ya fedha ilichangwa na watu weusi wenyewe. Chicago haikutoa ruhusa ya kupiga picha, hivyo sehemu kubwa ilipigwa Gary, Indiana, mji uliokuwa na meya mweusi, Richard Hatcher. Muziki ni wa Herbie Hancock, mpiga kinanda wa jazi. Ilionyeshwa muda mfupi, ikaondolewa kwenye majumba ya sinema. Greenlee alishikilia hadi mwisho wa maisha yake kwamba serikali ilikuwa na mkono. Kwa miaka mingi kuipata kulikuwa kwa shida, hadi mwaka 2004 ilipotolewa kwenye DVD.

Jiwekeni mahali pake. Una miaka 42, umeweka jina lako na urafiki wako wote kwenye kazi moja, nayo imezimwa. Ungefanya nini? Najua baadhi yenu mngefanya nini, kwa sababu nimewaona mkisusa kwa jambo dogo zaidi ya hilo.

Dixon alirudi televisheni. Aliongoza The Waltons, hadithi za familia ya wazungu katika milima ya Virginia wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Aliongoza The Rockford Files, baadaye The A-Team, na vipindi vingi vya Magnum, P.I. vilivyopigwa Hawaii. Aliendelea hivyo hadi mwaka 1993. Zaidi ya miaka ishirini, wanangu, akiitwa na kuitwa tena, katika kazi ambayo weusi walioingizwa walikuwa wachache mno.

Na mjue kazi yenyewe ilivyo. Mwongozaji wa kipindi cha televisheni ni mgeni. Unawakuta waigizaji wanaowajua wahusika wao kuliko wewe, mpiga picha aliyekwisha kuchagua mwonekano, na watayarishaji ambao watachukua kazi yako na kuihariri wanavyotaka. Kipindi cha saa moja wakati ule kilipewa takriban siku sita au saba za kupiga picha. Unachoombwa ni kumaliza kurasa za siku ndani ya siku, bila kumfanya mwigizaji ajisikie bidhaa. Mwongozaji aliyewahi kusimama mbele ya kamera analiweza hilo la pili kuliko mwingine yeyote, akikumbuka. Wapo wanaosahau wiki ya kwanza tu wakishika kiti.

Nawaomba msiidharau kazi ya namna hiyo. Mtu asikwambie kwamba kuongoza tamthilia ya watu wengine ni kuuza kipaji chako. Kazi hiyo ilimlinda Dixon asiwe mtu wa kuombaomba, na alipostaafu alikuwa na uwezo wa kumiliki kituo chake cha redio kisiwani Maui, hukohuko Hawaii. Alifariki mwaka 2008. Mwaka 1993 Nothing But a Man ilikuwa imeingizwa katika orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa huko Marekani, na mwaka 2012 ikaingizwa ile iliyozimwa. Moja aliigiza, moja aliongoza. Hiyo ya pili hakuiona ikipewa heshima hiyo, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Sasa niseme ninachotaka kwenu. Kabla hujaja tena kuniomba nikutafutie kipindi cha kuongoza, omba ruhusa kwa mwongozaji wako wa sasa ubaki kwenye seti siku usiyokuwa na onyesho. Kaa mahali usipomzuia mtu. Usishike simu. Chagua onyesho moja, uandike wewe ungelipiga vipi, shoti kwa shoti, kisha kipindi kikirushwa ulinganishe. Fanya hivyo msimu mzima, halafu lete daftari lako nyumbani tulisome pamoja. Jumamosi mchana nipo.

Mzee wenu