Katuni zisizo na maneno zipewe nafasi

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi nizisifu katuni za zamani zisizo na maneno, hasa Ferd'nand, iliyoanzishwa mwaka 1937 na mchoraji wa Denmark, Henning Dahl Mikkelsen, ikaenea katika nchi nyingi bila kuhitaji mfasiri. Bwana yule wa kofia iliyochongoka hasemi neno, lakini bega likishuka kidogo tu, msomaji anajua kwamba mipango yake imeharibika. Huo ni ustadi mkubwa, nao haujapata heshima unayostahili. Hapa Nairobi, ambapo majirani wamelelewa kwa lugha mbalimbali, nyanya na mjukuu asiyejua kusoma wangeifurahia picha ileile. Wape wachoraji wetu nafasi hiyo kila Jumapili.

Msomaji wako,
Nairobi